Vijana wa Kusini wanaoingia kwenye muziki kwa mahesabu: tuyakague mahesabu yenyewe

Mleta uzi (Mtwara Mjini)

Wakuu, salaam kwenu.

Ninaendesha studio ndogo ya kurekodia muziki hapa Mtwara Mjini, na siku hizi ninapata aina ya wateja ambao zamani hawakuwapo. Zamani kijana alikuja na mashairi kichwani na ombi la kupunguziwa bei. Sasa anakuja na mpango. Hivi karibuni alinijia mmoja kutoka upande wa Tandahimba akiwa na kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula, yenye safu za mwezi, kazi, gharama na mapato. Mwezi wa kwanza kurekodi nyimbo mbili, mwezi wa pili video Dar es Salaam, mwezi wa tatu kolabo na msanii mwenye jina, mwezi wa nne kusainiwa na lebo. Safu ya gharama ilikuwa imejazwa hadi nauli ya bodaboda kutoka stendi. Safu ya mapato ilikuwa na neno moja lililorudiwa katika kila mstari: YouTube.

Simcheki kijana huyu, maana kupanga ni jambo la heshima na wengi waliofika mbali walipanga. Ninacholeta mbele yenu ni kwamba mipango mingi ninayoonyeshwa huhesabu kwa uangalifu fedha itakayotoka, kisha huiachia bahati ile itakayoingia. Humo ndani hulikuti swali la nani atalipa, atalipa lini, na ni karatasi gani itamlazimisha alipe.

Tuanze na hiyo YouTube, kwa kuwa ndiyo imebeba matumaini ya wengi. Ili chaneli ipate mgawo wa matangazo inatakiwa iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wa dakika tatu ukitazamwa wote kila mara, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Na kwa kuwa watu wengi huacha katikati, hasa wale wanaohesabu bando, mwenye busara ataandika 160,000. Hapo mlango ndiyo kwanza umefunguliwa. Malipo hayatoki mpaka salio lifike dola 100, na kabla ya hapo, salio likifika dola 10, Google hutuma kwa njia ya posta barua yenye namba ya siri ili kuhakiki anwani ya mlipwaji. Barua ya karatasi, wakuu. Huwa ninawauliza vijana sanduku lao la posta ni lipi, na wengi hunitajia la shule waliyosoma.

Njia ambayo sijaikuta katika daftari hata moja ni ya wasambazaji wa kidijitali, ambao huupeleka wimbo Boomplay, Audiomack, Spotify na Apple Music kwa mkupuo mmoja, na ambao wengi wao huweza pia kukusanya mapato pale wimbo wako unapotumika katika video za watu wengine huko YouTube, hata kama chaneli yako haijatimiza zile saa. Nako kuna masharti yake. Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, tangu mwaka 2024 hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Mara 1,000 ni kitu ambacho kijana wa Newala anaweza kukifikia akiwa na marafiki wa kweli; mara 160,000 ni habari nyingine.

Najua pia kwamba kila daftari la Kusini lina kivuli cha mwanamuziki Harmonize ndani yake, na haishangazi. Rajab Abdul Kahali ni mtoto wa Mtwara, alisainiwa na lebo ya WCB Wasafi mwaka 2015, akaondoka mwaka 2019 na kusimama na Konde Music Worldwide, jina linalotangaza kwamba ni Mmakonde. Vijana wetu hunakili nusu ya kwanza ya safari hiyo, yaani kwenda Dar, kuonekana na kusainiwa. Nusu ya pili, pale aliposema hadharani kwamba kuvunja mkataba kulimtaka alipe shilingi milioni 500 na kwamba ilimbidi auze mali zake, wanaisoma kama umbea wa mjini. Sina neno baya kwa lebo yoyote, kwa sababu lebo ni biashara na mtaji wake lazima urudi. Kuchaguliwa hakupangiki, lakini masharti utakayoyakubali siku ukichaguliwa yanapangika tangu leo, na daftari lenye mstari wa kusainiwa bila mstari wa kumlipa mwanasheria aupitie mkataba limeacha nje gharama yenye uzito kuliko ya video.

Turudi nyumbani. Kusini kuna fedha, na fedha hiyo ina kalenda. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi chini ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, na minada ya kwanza ya mwaka 2024 ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mapromota wa Dar es Salaam wanaijua kalenda hiyo kuliko wasanii wetu, ndiyo maana Novemba na Desemba magari ya matangazo hujaa Masasi, Newala na Tandahimba, huku msanii wa hapa akiombwa aimbe bure kufungua jukwaa na ashukuru kwa kupewa nafasi. Hata hivyo, siku ya mnada si siku ya malipo. Fedha hupitia chama kikuu, ikaenda kwenye chama cha msingi, ikafika benki, ndipo imguse mkulima, na mkulima naye ana madeni ya palizi na ada za watoto. Wenye kumbukumbu wataukumbuka msimu wa 2018/2019, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na uhakiki ukachelewesha malipo ya wakulima wengi. Aliyekodi ukumbi Desemba ile kwa hesabu ya bei iliyotangazwa aliviimbia viti. Kwa hiyo mpango wa shoo Kusini unatakiwa ufuate siku fedha zinapoingia kwenye akaunti za wakulima wa kata husika, taarifa ambayo katibu wa chama cha msingi (AMCOS) anayo na mtu wa Dar hana.

Naomba michango, hasa ya wale wanaoishi na kazi hii.

Mchangiaji wa Masasi

Mkuu, nimekusoma kwa makini na hesabu zako sizipingi, ila nina shaka na mwelekeo wake. Ukimfundisha kijana kutafuta fedha ya hapa, atabaki kuwa msanii wa hapa. Redio na televisheni zinazosikika nchi nzima ziko Dar es Salaam, watayarishaji wa video wenye majina wako huko, na hata mtu wa Masasi haamini wimbo wa Masasi mpaka ausikie ukipigwa kutoka Dar. Nimewahi kusimamia wasanii wawili. Aliyekubali kila mwaliko wa kijijini alikula vizuri msimu mmoja, kisha akawa mtu wa vigodoro, zile ngoma za mitaani za usiku, na hakuna promota aliyemweka tena katika bango kwa heshima. Muziki wa biashara ni kamari, na anayeogopa kuweka fedha mezani hawezi kushinda. Video nzuri ni kadi ya utambulisho. Bila hiyo hata mlinzi wa getini hakufungulii.

Mleta uzi

Mkuu wa Masasi, sipingi safari ya Dar. Ninapinga kwenda na wimbo ambao haujawahi kupimwa. Kipimo tunacho na hakihitaji mtaji mkubwa. Nenda kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo pale stendi, vile vya kompyuta moja na spika mbili, umwachie kijana wa kibanda wimbo wako bila kumwambia ni wako. Rudi baada ya wiki kadhaa umuulize ni nyimbo zipi watu wanazitaja kwa jina wanapoleta flashi na memori kadi. Dereva wa bodaboda anayelipia wimbo uingizwe ili aupige barabara nzima ya Mangamba amekupa taarifa ambayo pongezi za rafiki zako haziwezi kukupa. Mapato ya kibanda hayakufikii, hilo najua, lakini taarifa inakufikia. Ukishapata wimbo unaotajwa, ukaupeleka kwenye redio zetu za hapa, Jamii FM pale Naliendele au Safari Radio, ukaona watu wanapiga simu kuuomba, hapo fedha ya video ina sababu.

Ninachokiona studio ni kinyume chake. Mtu ana fedha ya video moja na nyimbo mbili ambazo hakuna aliyezisikia, anachagua wimbo anaoupenda yeye, anamaliza kila kitu, na video ikishatoka hana hata nauli ya kuitembeza kwenye vituo. Mwezi wa tatu yuko kimya kwa sababu hana fedha ya kurekodi wimbo wa pili, na mtandao haumkumbuki mtu aliyekaa kimya.

Mchangiaji wa Lindi

Ndugu zangu, mimi ni mwanamke na ninaishi kwa kuimba kwenye shughuli kuanzia Mitwero hadi Mtama, na nikialikwa ninafika Kilwa. Naona mnaongea kuhusu vigodoro kana kwamba ni mahali pa kupita kwa aibu, basi niruhusuni nieleze inavyofanyika, kwa sababu hapo ndipo nilipolelea watoto wangu.

Shughuli ya kutoa wali, yaani mabinti waliomaliza unyago, ina mwenye fedha anayejulikana kwa sura. Kuna mama wa mwali, kuna shangazi, na kuna majirani walioshikana mikono kwa mchango wa miezi mingi. Wanachonunua kwangu ni jina la mtoto wao kuimbwa mbele ya watu. Kwa hiyo nyimbo zangu nimezitunga zikiwa na nafasi: beti la pili lina mapigo manne yaliyo wazi ambayo ninaweka jina la mwali, na kiitikio kina nafasi ya jina la mama yake. Kabla sijapanda ninakaa na somo wa mtoto, yaani mlezi wake wa unyago, nyuma ya nyumba, ananitajia majina, nani amemlea, nani asitajwe kwa sababu kuna ugomvi. Nikikosea hapo, hata ningekuwa na sauti ya malaika, situnzwi. Nikipatia, mama huanza yeye, anapita mbele na noti, na wenzake hawakubali kupitwa.

Malipo ninayagawa mara mbili. Nusu hutangulia kwa simu kabla sijakodi muziki na jenereta, na nusu ninalipwa kabla sijaimba wimbo wa mwisho, kwa sababu baada ya wimbo wa mwisho kila mtu huwa anatafuta viatu vyake. Fedha ya kutunzwa haiingii katika mapatano, na MC anaambiwa hilo mapema, kwa kuwa kuna ma-MC ambao huziokota na kuzihesabu kuwa sehemu ya malipo yangu.

Kosa ninaloliona kwa vijana wenye madaftari ni kwamba wimbo wao una mlango mmoja tu. Kila wimbo wangu ninaurekodi namna mbili: wenye jina kwa ajili ya familia, ambao wanaununua na kuuweka kama kumbukumbu, na usio na jina ambao unaweza kupigwa redioni. Huo wa pili ndio ninaoupeleka kwa wasambazaji wa mtandaoni. Kaka wa Masasi, huo si uchaguzi kati ya kigodoro na Dar. Wimbo ni ule ule, ila umeuzwa mara mbili. Na kwa sisi wanawake kuna faida nyingine ambayo haiandikwi: ninayekubaliana naye malipo ni mama mwenzangu, barazani kwake, mchana, mbele ya watu. Wenye kutaka kukutana nami kwa mazungumzo ya kolabo saa nne usiku hotelini niliwafuta kwenye mpango wangu zamani, na sijaona nilichopungukiwa.

Mchangiaji wa Masasi

Dada wa Lindi, hilo la nafasi ya jina sikuwahi kulifikiria, na nakiri ni biashara. Swali langu linabaki kwenye ukubwa. Shughuli zina ukomo wake, na sehemu kubwa hufanyika wakati wa likizo za shule. Miezi mingine unaishi vipi?

Mchangiaji wa Lindi

Harusi, kaka yangu, na Ramadhani ninapumzika na kutunga. Pia sikumwambia mtu yeyote kwamba muziki ni kazi yangu pekee. Nina friza la samaki. Friza ndilo linaloniwezesha kukataa malipo mabaya.

Mchangiaji wa Nachingwea

Wakuu, shikamooni. Mimi ni mmoja wa hao wenye madaftari, na nimesoma uzi huu kalamu ikiwa mkononi. Naomba ufafanuzi wa jambo moja kwa mleta uzi. Wimbo wangu wa kwanza nimeuimba juu ya biti niliyoipakua mtandaoni, ambayo mwenyewe aliandika ni ya bure. Wa pili umetengenezwa na prodyuza wa hapa Nachingwea, tulipatana kwa mdomo, nikamlipa, na hakuna tulichoandika. Kaka yangu ameahidi kunisaidia akipata malipo ya korosho, na mpango wetu ulikuwa fedha yote iende kwenye video ya wimbo wa kwanza. Je, hapo nina kitu mkononi?

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Una kitu, lakini nusu yake imeshikwa na watu wengine.

Kuhusu biti ya bure: mara nyingi maana yake ni bure kwa kujaribia au kwa kutoingiza fedha. Siku utakapoupeleka wimbo kwa msambazaji, mfumo wa utambuzi wa YouTube unaweza kuikuta biti ile ile imesajiliwa na mtu wa nchi nyingine, na mapato yakaenda kwake, au wimbo ukaondolewa kabisa. Rudi kwenye ukurasa wa mwenye biti, usome masharti, na ikiwa anauza leseni ununue inayoruhusu biashara na kuihifadhi risiti yake. Soma vizuri kama leseni ni ya watu wengi au yako peke yako, kwa sababu leseni ya bei ndogo huuzwa kwa yeyote, na unaweza kukuta biti yako chini ya sauti ya mtu wa Tanga. Kama masharti yanakushinda, mwombe prodyuza wa Nachingwea akutengenezee muziki mpya juu ya sauti ile ile. Kusema kweli hilo ndilo ningelifanya mimi, na ningemwomba aweke mdundo wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, chini yake, maana biti za kupakua zinafanana nchi nzima. Hapo ninazungumzia mdundo tu. Wimbo mzima wa jadi ukiutaka kuufanya biashara, waulize kwanza Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kwa sababu sheria yetu ya hakimiliki ina sehemu inayolinda sanaa za jadi.

Kuhusu prodyuza: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapotungwa, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini mashairi ni yako na muziki ameutunga yeye, na kumlipa kwa kazi ya siku ile hakusemi chochote kuhusu mgawanyo wa mapato ya baadaye. Leo ni marafiki kwa sababu hakuna cha kugawana. Wimbo ukipata nguvu, kila mmoja atakumbuka mazungumzo yale kwa namna yake, na wote wawili mtakuwa mnasema kweli. Karatasi iandikwe sasa, wakati fedha haipo, kwa kuwa sasa mtaandikiana kwa kucheka.

Baada ya hapo jisajili BASATA kama msanii, na uusajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili wa COSOTA hauzai hakimiliki, ila unakupa ushahidi ukibishaniwa. Mirabaha, yaani malipo ya kazi inapotumika redioni na kwenye kumbi, usitegemee kwamba itakulipia kodi ya chumba.

Fedha ya kaka yako isiguse video kabla ya mambo haya. Na akishapokea malipo ya korosho, mwacheni alipe deni la pembejeo na ada kwanza, muandikiane naye pia kama ni msaada, mkopo au mtaji wenye mgawo. Nimeona ndugu wakikosana kwa kuliacha hilo hewani.

Mchangiaji wa Masasi

Hapo kwenye ndugu naunga mkono kwa asilimia mia. Mdogo wangu wa Nachingwea, mimi niliyetetea video nakushauri uisogeze mpaka Januari. Desemba mafundi wazuri wa kamera wote wanakuwa kwenye harusi, bei ziko juu, na utapigwa picha na mwanafunzi wao.

Mchangiaji wa Nachingwea

Nimeelewa, na nashukuru sana. Video nimeisogeza, na Jumatatu nitakwenda kwa prodyuza. Karatasi hiyo inatakiwa iwe na nini ndani yake, na je, lazima twende kwa wakili?

Mleta uzi

Kwa wimbo mmoja, ukurasa mmoja unatosha. Andikeni jina la wimbo na tarehe ya kurekodiwa. Majina yenu kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, pamoja na namba zake. Nani ametunga mashairi, nani ametunga muziki, na kila mmoja anapata asilimia ngapi ya utunzi. Nani anamiliki ile rekodi yenyewe, kwa kuwa hilo ni jambo tofauti na utunzi na watu wengi hulichanganya. Fedha uliyokwisha kumlipa na ilikuwa ya nini. Nani mwenye ruhusa ya kuupeleka wimbo kwa msambazaji. Na kwamba prodyuza hataiuza biti hiyo kwa mtu mwingine. Mtie saini wote wawili mbele ya shahidi, nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Wakili si lazima kwa hili, ingawa wakili akigonga muhuri haitadhuru. Mwombe pia mafaili ya wimbo yakiwa yametenganishwa, sauti peke yake na muziki peke yake, uyaweke kwenye flashi mbili, moja ikae kwa kaka yako. Kompyuta za studio zetu zinakufa kila umeme unapocheza, na yangu ikiwamo.